Vitabu viwili vya Chult vinatosha



Kwa wiki mbili sasa kuna karatasi inayozunguka mu internat, kutoka kitanda mupaka kitanda, yenye majina ya vitabu vitano. Ni vitabu ambavyo kikundi cha muchezo wa Jumamosi kinataka kununua. Feza iliyokusanywa inatosha viwili. Wengine wanaomba tuongeze michango kusudi tupate vyote vitano. Mimi nasema hapana, na nataka kueleza sababu mbele ya watu wote, maana feza ni ya watu wote, hata ya wale wanaopita tu mbele ya mulango na kucheka tunavyopiga kelele.

Kwa hao wanaocheka: muchezo wenyewe si mugumu. Watu wanne ao watano wanakaa ku meza moja. Mumoja ni kiongozi wa muchezo, yeye anasema: «Muko mu njia, mvua inanyesha, daraja imekatika. Munafanya nini?» Kila mwenzake ni mutu mumoja wa hadithi, na anajibu sawa vile mutu yule angejibu. Pale ambapo jambo haliko hakika, dadu inaamua. Hakuna wa kushinda na hakuna wa kushindwa. Hadithi moja inaweza kuendelea mwaka muzima, na wanaiita kampeni (si ya uchaguzi wala ya uinjilisti, mutulie). Muchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mu 1974. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mu vitabu vidogo vitatu ndani ya sanduku moja, nakala 1000 za kwanza.

Sasa, kitabu cha sheria kinakufundisha kutupa dadu. Hakikuambii uko wapi. Muji ni gani, nani anatawala, kilo ya chumvi ni bei gani, nyuma ya mulima kuna nani: hayo yote kiongozi anayatunga mwenyewe, ao anayanunua. Mambo hayo yaliyotungwa mbele na kuuzwa ndiyo vitabu vya nyongeza. Na hapo ndipo feza inapotea.

Dunia tuliyochagua inaitwa Forgotten Realms. Mutu aliyeitunga ni Ed Greenwood wa Kanada. Alianza mu miaka ya 1960, akiwa mutoto tu, mbele hata ya muchezo wenyewe kuzaliwa. Nyuma alitumika mu maktaba, akaandika makala mu gazeti la Dragon tangu 1979, na mwisho akauzisha dunia yake kwa kampuni ya TSR. Mu 1987 TSR ikatoa sanduku la kwanza la Forgotten Realms: vitabu viwili vya kurasa 96 kila kimoja, pamoja na ramani kubwa. Ni hivyo tu. Watu walicheza miaka na sanduku lile moja.

Lakini kampuni haiishi kwa kuuza sanduku moja. Kila sehemu ya dunia ile ikapata kitabu chake: Waterdeep, visiwa vya Moonshae, nchi za jangwa, nchi ya walozi wekundu, na kadhalika bila mwisho. Na Forgotten Realms haikubaki peke yake. TSR ikatoa Spelljammer mu 1989, Ravenloft mu 1990, Dark Sun mu 1991, Al-Qadim mu 1992, Planescape mu 1994, Birthright mu 1995. Kila moja ni dunia yenye vitabu vyake. Mu 1997 TSR ilikuwa karibu kuanguka, ikanunuliwa na kampuni ingine, Wizards of the Coast. Sababu zilikuwa mingi, lakini wale walioangalia vitabu vya hesabu walikuta hii mu sababu kubwa: wanunuzi walikuwa wamegawanyika. Mutu wa Dark Sun hakununua cha Ravenloft, na wa Ravenloft hakununua cha Birthright. Ninataja habari hii si kwa kusikitikia kampuni. Ni kusudi tujue kwamba vitabu vingi vya orodha yetu havikuandikwa kwa sababu kuna kikundi fulani mahali fulani kilikwama bila kitabu kile. Viliandikwa kwa sababu mwezi ule ulipaswa kuwa na kitabu.

Kuna shida ya pili, na wandugu waliotengeneza orodha hawakuiangalia. Vitabu hivi vinasema juu ya dunia moja, lakini si juu ya mwaka mumoja. Dunia ya Forgotten Realms iko na hesabu yake ya miaka. Sanduku la 1987 linasimama mu mwaka 1357 wa kule. Kitabu kikubwa cha 2001, Forgotten Realms Campaign Setting, kinasimama mu 1372. Mu 2008 kampuni ilibadilisha sheria za muchezo, ikarusha dunia yote mupaka 1479, na kwa kueleza mabadiliko ikasema maafa makubwa ya uchawi yaliangukia dunia mu 1385. Vitabu vilivyotoka tangu 2014 viko mbele zaidi tena. Sasa wazeni: muchezaji mumoja anasoma kitabu cha 2001 na anajua mufalme fulani. Mwenzake anasoma cha 2015, mufalme yule alikufa zamani na muji wake umebadilika. Wote wawili wanasema kweli. Siku ya Jumamosi tunapoteza saa nzima kwa kubishana juu ya mufalme ambaye hajawahi kuzaliwa mahali popote.

Na musiamini jina la kifuniko. Kitabu cha nyongeza cha kwanza kabisa cha muchezo huu, cha 1975, kinaitwa Greyhawk, na Greyhawk ni jina la dunia ya Gygax. Mutu anawaza atakuta humo miji na mito. Anakuta sheria: namna mupya za watu, uchawi mupya, wanyama wapya. Dunia yenyewe karibu haimo. Ilingojea mupaka 1980 kupata kitabu chake, na kile kilikuwa cha kurasa 32 pamoja na ramani. Kwa hiyo mbele ya kulipa, tuangalie orodha ya milango ya kitabu, si picha ya mbele.

Tuje sasa ku orodha yenyewe.

Xanathar's Guide to Everything (2017) kitoke. Ni kitabu cha wachezaji, chenye namna zingine za kuwa mupiganaji, mulozi, ao mwizi. Ninajua ni nani waliokiandika ku orodha na ninawapenda, lakini kitabu cha namna hii kinamfanya mutu kuwa avoka. Anakuja ku meza na ukurasa wake tayari, na anangojea tu nafasi ya kuutumia. Tena sheria zenyewe hazina lazima ya kununuliwa. Mu Januari 2023 kampuni ilifungua sheria za musingi kwa watu wote, bila malipo, na mu mwaka ule ule zikatoka pia kwa Kifaransa. Mutu yeyote anaweza kuzipata mu simu na kuziandika mu kaye. Sheria mupya za 2024 nazo ziko na sehemu ya bure. Kulipa feza kwa sheria ni sawa kununua maji na mvua inanyesha.

Sword Coast Adventurer's Guide (2015) kitoke vilevile. Si kitabu kibaya kwa mutu anayecheza kule ku pwani ya magaribi na ku nchi za kaskazini, ku Waterdeep na Neverwinter. Lakini sisi tulikubaliana, kura kumi na moja juu ya kumi na nne, kwamba kampeni yetu itakuwa Chult. Kitabu hiki kinatupa karibu neno tupu juu ya Chult, na sehemu yake nzuri ni tena sheria za wachezaji.

Cha 2001, kile kikubwa cha kurasa 320, kinanipa taabu kidogo kusema kitoke, maana ni kitabu kizuri sana. Nilikishika mara moja mu mikono na sikutaka kukirudisha. Kila ukurasa uko na majina, njia, ugomvi wa watawala, ramani. Mutu akiulizwa achague kitabu kimoja tu kwa dunia yote ya Forgotten Realms, achague kile. Lakini sisi hatuchezi dunia yote. Kurasa za Chult humo ni chache tu, na zingine zote ni za nchi ambazo hatutafika. Rafiki yangu mumoja anasema: «Na kama wachezaji wanapanda mashua na kuondoka?» Chult ni rasi, bahari iko pande tatu. Wakipanda mashua, safari itachukua majuma, na kiongozi atakuwa na Jumamosi tatu za kutunga bandari watakayofika. Hatununui kurasa 320 juu ya woga wa mashua.

Vinabaki viwili: The Jungles of Chult wa 1993, kurasa 64, wa James Lowder na Jean Rabe; na Tomb of Annihilation wa 2017, kurasa 256. Hivi ndivyo ninasema tununue. Lakini si kwa kuvifuata sawa Maandiko.

Kwanza mujue Chult ni nini. Ni pori kubwa ya kusini, joto, mvua, mito, na wenyeji wake ni watu weusi. Ni kwa sababu hiyo ilipata kura kumi na moja, tusidanganyane. Mutu anachoka kuwa kila mara mupiganaji wa nchi ya theluji. Lakini waliotunga Chult walikuwa watu wa mbali, na majina wameyaokota huku na huku mu Afrika sawa mutu anayeokota maembe chini ya muti. Kuna kabila la Eshowe. Eshowe ni muji wa kweli wa Afrika ya Kusini, mu nchi ya Wazulu. Kuna muji wa Nyanzaru, na kila mutu hapa anasikia nyanza ndani yake. Kuna mutu mubaya anaitwa Ras Nsi: ras ni cheo cha Ethiopia, na nsi kwa Kikongo ni inchi. Sina hasira juu ya hayo. Inachekesha, na kiongozi mwenye akili anaweza kutumia vizuri majina ambayo wachezaji wake wanasikia maana.

Habari ya jina Tabaxi inanichekesha kidogo zaidi, na inaniuma kidogo vilevile. Mu 1981, mu kitabu Fiend Folio, tabaxi walikuwa watu-paka, wanyama wanaosema. Mu kitabu cha 1993, Tabaxi ni watu, wenyeji wa Chult. Nyuma, mu vitabu vya 2016 na 2017, jina limerudia paka, na wenyeji wakaitwa tu Wachult. Musomaji atakayefungua vitabu vyote viwili bila kujua habari hii atauliza watu walienda wapi. Nimeieleza sasa kusudi isitupotezee Jumamosi.

Sasa cha 2017. Kinagawanyika milango mitano. Mulango wa kwanza ni muji wa bandari, Port Nyanzaru, na kwa mulango huu peke yake mimi ningelipa. Muji unatawalwa na wakubwa saba wa biashara, na kila mumoja ameshika kitu chake: huyu silaha, yule matunda na mafuta, mwingine wanyama, mwingine haki ya kuajiri waongozi wa pori. Ukitaka muongozi, unapita kwa yule. Ukipita kando yake, una adui. Kuna soko, kuna mashindano ya wanyama wakubwa wa zamani wanaokimbia mu barabara za muji na watu wanatia feza. Kuna watu wa nje wanaokaa nje ya kuta. Hii ni muji ambao mutu anaweza kuchezea miezi mitatu bila kuingia pori hata siku moja. Kila mutu mwenye cheo ana kitu anachotaka, na anachotaka kinamugongana na mwenzake. Kitabu cha dunia kinapaswa kuwa hivyo. Kikuambie mufalme alizaliwa mwaka gani, umepata tarehe. Kikuambie mufalme anaogopa nani, umepata kazi ya Jumamosi.

Mulango wa pili ni pori yenyewe, na ramani yake ni ya thamani. Imegawanyika vipimo vya pembe sita, kila kimoja maili 10, ni kusema kilometa 16. Kwa miguu mutu anapita kipimo kimoja kwa siku. Kwa mutumbwi mu muto, viwili. Mara tatu kwa siku kiongozi anatupa dadu ya pande 20, na ikitoka 16 ao zaidi, kuna kitu ao mutu mu njia. Watu wanaweza kupotea bila kujua wamepotea, kwa maana ramani ya kweli iko kwa kiongozi, na yao iko nyeupe. Maji ya kunywa ni shida, kwa hiyo wanabeba turubai ya kukinga mvua. Haya yote ni kazi nzuri. Sisi wenyewe tungechukua mwaka kuyapanga hivyo, na ndiyo maana inafaa kuyanunua.

Lakini ile orodha ya mambo ambayo dadu inaleta mu njia, hapo ninasimama. Unakuta nini mu pori ya Chult? Maiti zinazotembea, nyoka, homa ya kutetemeka, luba za mu koo, homa ya nyani wazimu, tena maiti zinazotembea. Mutu aliyeandika vile alikuwa anaona pori kutoka ndani ya ndege. Kwake pori ni mahali ambapo vitu vinakuua, na katikati yake kuna hazina. Mimi babu yangu mama alizaliwa ku mupaka wa pori ya Ituri, na sijamusikia hata siku moja akisema juu ya pori namna ile. Pori inaua, ndiyo. Lakini pori ni asali, na ugomvi juu ya nani aliuona muti wa asali wa kwanza. Ni viwavi wakati wao, na uyoga wakati wake. Ni kamba ya muti unayoikata na maji inatoka. Ni Wambuti wanaowinda kwa nyavu, familia ingi pamoja, wanawake wakipiga kelele kusudi nyama wakimbilie mu nyavu. Ni okapi, ambayo wenyeji walikuwa wanaijua tangu mababu, na ambayo wataalamu wa Ulaya waliipa jina mu vitabu vyao mu 1901 tu. Ni njia ambayo inafungwa mvua moja tu kama hakuna anayeipita. Ni kijiji ambacho unapaswa kusalimia mbele ya kupita, na usiposalimia, habari yako inafika kijiji kinachofuata mbele yako.

Orodha ya namna hii hakuna kampuni ya Marekani itatuuzia. Sisi tunaweza kuiandika kwa Jumamosi mbili. Kila muchezaji alete mambo kumi ya pori aliyosikia nyumbani kwao, yule wa Shabunda yake, yule wa Beni yake, na wale wa muji waulize mama zao. Tutakuwa na mambo zaidi ya mia moja. Basi hapo ndipo kipimo changu cha kununua: kitabu kitufanyie kazi ambayo sisi hatuwezi, ao tunaweza kwa taabu kubwa mno. Muji wa wakubwa saba, pamoja na ramani na hesabu ya mwendo: tununue. Pori yenyewe, tuko nayo.

Kuna jambo lingine mu kitabu hiki ambalo tuko nalo tayari. Askari wa kampuni ya Flaming Fist, waliotoka mbali ku muji wa Baldur's Gate, wamejenga ngome mu pori, na wanauzisha kibali kwa watu wanaotaka kutafuta hazina. Kitabu kinataja jambo hili kwa upole, sawa vile wanavyotaja biro ya posta. Mwanafunzi aliyesoma historia ya makampuni ya mupira mu wakati wa Leopold II, tangu 1885 mupaka 1908, hana lazima ya kuelezwa kibali ya namna ile inaleta nini vijijini. Kiongozi wetu akitaka kampeni yenye uzito, aanzie pale ku ngome. Wakubwa saba wa biashara wanafikiri nini juu ya ngome? Waongozi wanapita wapi kwa kuikwepa? Kurasa za kitabu ni chache pale, na ni vizuri ziwe chache.

Milango ya mwisho ya kitabu cha 2017 tuiache ndani ya kitabu. Kuna muji uliopotea wa Omu, na chini yake kaburi lenye mitego, kazi ya mulozi Acererak, jina lililotoka mu kaburi ingine ambayo Gygax aliichapisha mu 1978. Ni mitego juu ya mitego, na watu wanakufa ovyo. Tena hadithi inaanza na laana: watu waliokufa na kufufuliwa kwa uchawi wanakonda kila siku, kwa hiyo inafaa kukimbia. Wanakupa ramani kubwa ya kutembelea, kisha wanakuambia ukimbie. Mimi laana naiondoa. Tukiwa na haraka, pori ni ya nini?

Na cha 1993? Ni kidogo, ni cha Kiingereza, na picha zake si nzuri. Kiko na kitu kimoja ambacho kile cha 2017 hakina. Mu 1993 muji wa Mezro uko hai. Unalindwa na watu saba, wanaitwa barae, ambao hawazeeki, na Ras Nsi alikuwa mumoja wao mbele ya kuangamiza Eshowe na kufukuzwa. Mu 2017 Mezro ni mawe na majani, na Ras Nsi anakaa Omu pamoja na watu-nyoka. Katikati ya vitabu viwili kuna zaidi ya miaka mia moja ya kule. Nilisema juu kwamba vitabu vya miaka mbalimbali vinaleta ubishi. Ni kweli, kama wachezaji wote wanavisoma. Lakini kama cha 1993 kiko kwa kiongozi peke yake, kinakuwa kitu kingine: kinakuwa maneno ya wazee. Muzee wa Port Nyanzaru anaeleza Mezro sawa vile babu yake alivyomueleza, na kiongozi anamusomea toka cha 1993. Wachezaji wanafika pale na wanakuta mawe. Nani alidanganya? Hapo muchezo unaanza.

Neno fupi juu ya swali ambalo wakubwa wetu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: je, si mambo ya mashetani? Mu Marekani ya miaka ya 1980 swali hilo lilikuwa moto sana, mu makanisa na mu televisheni, mupaka TSR ikaogopa, na mu toleo la 1989 ikaondoa maneno «demoni» na «diaboli» ikaweka majina ya kutunga. Miaka ilipopita yakarudi. Ku meza yetu hakuna mutu anayeomba kitu chochote kwa mungu wa kitabu, sawa vile hakuna anayeabudu simba akisoma hadithi ya simba na sungura. Lakini kuna vitabu vya nyongeza vya miungu tu, sawa Faiths & Avatars wa 1996, na mimi nafurahi kwamba hakiko mu orodha. Mu Chult ya 2017 mungu wa wenyeji, Ubtao, ameondoka na amenyamaza. Kiongozi amuache anyamaze. Mwalimu anayetaka kuona kwa macho yake aje akae ku meza. Kiti kiko, na tunaweza hata kumupa muongozi wa pori wa kuchezea.

Wengine watasema ninawanyima raha ya kusoma. Raha ya kusoma vitabu hivi ninaijua, ni kubwa, na ninafikiri watu wengi wanaovinunua duniani hawavichezi hata mara moja, wanavisoma tu usiku. Hakuna dhambi. Lakini mutu anunue ya kusoma kwa feza yake. Feza ya kikundi inunue ya kucheza.

Kwa hiyo ninaomba Jumamosi hii tupige kura juu ya viwili hivi tu. Feza kidogo itakayobaki tusiipeleke ku kitabu cha tatu. Kikundi kiko na dadu moja tu ya pande 20, na pande mbili zimefutika mupaka tunasoma kwa kidole. Tununue dadu, na kaye moja kubwa ya mistari, ile ya kuandikia mambo mia ya pori. Mimi tayari niko na saba. La kwanza ni la babu: ukisikia ndege fulani akiita mara mbili halafu akanyamaza, usiende mbele, keti chini, ngojea. Hakuniambia kinachokuja.

Mwanafunzi wa humanites, kitanda cha karibu na dirisha